Mkate wa Pasi

Fomu ya manispaa ina kisanduku cha saba,
kifupi kama kidole gumba:
jina la bidhaa na asili yake.
Jina nililiandika bila kutua: mkate wa pasi.
Kwenye asili, kalamu ikakauka.

Miaka kumi na tisa nauoka hapa Ng'ambo.
Mtama uliosagwa mara mbili, karanga za kutwanga,
asali nyeusi ya miombo anayoileta Mihayo kwa baiskeli
katika dumu ambalo bado linanuka mafuta ya taa.
Makaa chini ya sufuria, makaa juu ya mfuniko.
Najua kwa sikio ukiiva: huacha kunong'ona.
Lakini kwa nini pasi?
Nani hukiuliza kidevu chake kwa nini ni kidevu?

Shangazi Nyanzala akasema: pasi ya makaa, nini tena.
Bibi yako Kashindye alinyoosha makoti ya makarani wa stesheni,
jioni pasi bado ina moto, akaona haya kuumwaga,
akaitua juu ya donge la unga.
Tazama, kila mkate una pua upande mmoja.
Pua ipo, kweli.
Ni ya sufuria yangu iliyoanguka mwaka juzi.

Kapela, aliyestaafu reli akabaki na kofia, akacheka.
Pasi ni karatasi, binti, ya kupandia bure.
Mwenye nayo alikopeshwa, asiye nayo alitoa taslimu.
Tuliufunga kwenye gazeti hapa Tabora,
Urambo hatuufungui, Kaliua hatuufungui,
Uvinza tunaonja pembe,
na ziwa likitokea Kigoma, bado laini.

Wajukuu zake wakapinga palepale: pasi ni ya mpira!
Gari limeanza kutambaa, dirisha linakukimbia,
unaurusha, abiria anaudaka,
sarafu zinarudi hewani.
"Zile zilizorudi," nikasema. Wakanyamaza.

Maalimu Shabiri hakuinua macho kitabuni.
Mmeyakata mkia maneno ya watu.
Ni mkate pasi na hamira.
"Na" ikaliwa, hamira ikaliwa,
mkabaki mnaguguna "pasi" kama mfupa.

Ningeandika hilo. Lingeenea kisandukuni.
Ila Bi Nyamizi wa Itetemia alisema si Kiswahili hata kidogo.
Mama yake alikuwa na neno, la Kinyamwezi cha ndani,
linalofanana nalo kwa mbali,
watu wa stesheni wakalisikia vibaya.
Neno gani?
Akakunja midomo, akaiweka tayari,
pumzi ikatoka peke yake.
Akajaribu tena.
Nikamshika mkono ili aache.

Na mimi ninalo langu, sijamwambia mtu.
Mwaka wa njaa, nina miaka sita, bibi anakanda gizani
akihesabu kwa sauti ya chini:
pasi asali. Pasi karanga. Pasi chumvi.
Kisha ananikatia kipande kikubwa kuliko chake.
Huenda niliota. Shangazi anaapa
mwaka ule wote bibi alikuwa Nzega, kwa dada yake.

Nikairudisha fomu, kisanduku kitupu.
Karani akasema kitupu hakipokelewi.
Nikamkatia mkate. Akala, akalamba kidole,
akaandika mwenyewe bila kuniuliza,
akagonga mhuri.

Leseni sasa imetundikwa juu ya gunia la mkaa:
MKATE UPASI. ASILI: TABORA.
Hiyo U sijui imetoka wapi;
labda asali iliivuta kalamu.

Jumatatu akaja mtoto wa shule, kajua kusoma tangu juzi,
akanyoosha kidole ukutani:
"Nipe upasi wa mia tano. Upasi ni nini?"
Mama yake akadakia, bila hata kusita:
"Ni jina la kijiji. Walikotoka waokaji."

Nikakata, nikafunga kwenye gazeti.
Sikumsahihisha.